Miezi ya giza nayo ihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua yenyewe ni ndefu, na ukiona inafaa kuipunguza ipunguze, ila nakuomba sehemu ya kipima mvua uiache kama ilivyo, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu wa hapa hapa Tanga aliandika kwa uchungu kwamba nchi tajiri zinateketeza mafuta kurusha ndege juu ya barafu, huko kaskazini kabisa mwa dunia, kwa ajili ya kupima hewa, ilhali vipo vijiji vyetu ambavyo mpaka leo akina mama wanaamka alfajiri kufuata maji. Akauliza barafu ya watu inatuhusu nini sisi watu wa mwambao. Swali lake si baya. Nimelisikia hata barazani kwetu Ngamiani, tena kwa watu ninaowaheshimu. Lakini jibu alilolitoa mwenyewe, kwamba kupima huko ni anasa, nimeshindwa kulinyamazia.

Mimi ni karani mstaafu wa shamba la mkonge. Nilianza kazi mwaka 1981 nikiwa msichana, nikiandika mahudhurio ya wakata mkonge na hesabu ya cheni zao. Mwaka 1983 mzee aliyekuwa akisoma kipima mvua alistaafu, na kazi ile nikapewa mimi, nadhani kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Kipima mvua chetu kilikuwa cha shaba, kimesimamishwa kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya ofisi. Juu kina mdomo wa duara, ndani yake faneli, na chini ya faneli kuna chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi natoka na bilauri yangu ya kioo yenye mistari, namimina maji yaliyokusanyika tangu jana yake, nainama mpaka jicho liwe sawa na maji, nasoma milimita, naandika kitabuni. Hata siku isiyo na tone natoka, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Nimeifanya kazi hiyo miaka 26. Masika, mchoo, vuli, kaskazi, nilikuwa nayajua kwa tarakimu kabla sijayajua kwa mwili.

Sasa nieleze jambo ambalo sijapata kulieleza mbele za watu.

Wenye umri wanaikumbuka mvua ya El Nino ya mwaka 1997. Mwezi Novemba mto mdogo uliokuwa kati ya kambi yetu na ofisi ulijaa usiku ukaondoka na daraja la magogo. Siku tatu sikuvuka. Siku ya nne nilivuka kwa kushikiliwa mkono na vijana wawili, nikaenda moja kwa moja kwenye kipima mvua. Chupa ilikuwa imejaa, maji yamefurikia kwenye kopo la nje, na kopo la nje nalo limejaa mpaka ukingoni. Maana yake ni kwamba mvua ilizidi chombo, na iliyozidi ilikwisha mwagika kwenye nyasi. Hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusema siku zile tatu ilinyesha kiasi gani.

Nilitaka kuziacha nafasi tatu zile wazi na kuandika pembeni kilichotokea. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia fomu ya mwezi haiwezi kwenda na mapengo, nijaze chochote kinachofanana na mvua. Nikajaza. Nakumbuka mpaka leo: 31, 28, 34. Zilikuwa tarakimu nzuri, zinaaminika, hazimshtui mtu. Na zilikuwa za kubuni.

Miaka kadhaa baadaye alikuja kijana fundi wa barabara akiomba takwimu za mvua kubwa za eneo lile ili wajue kalavati la mto ule liwe na upana gani. Nikampa kitabu. Nikamwona kwa macho yangu akinakili 31, 28, 34 kwenye daftari lake, nami sikusema neno. Kalavati lilijengwa, na masika moja halikuweza, maji yakapita juu na kuchukua kipande cha barabara. Sisemi ni tarakimu zangu zilizofanya hivyo, kwa sababu kalavati lina mambo mengi. Ninachosema ni kwamba hesabu ya fundi yule ilibeba uongo wangu bila yeye kujua, na pale ambapo mvua ilikuwa kubwa kuliko zote, ndipo kitabu changu kilipokuwa hakina kitu.

Ndiyo maana mjukuu wangu aliponisomea habari za ndege zile za kaskazini nilimwambia arudie. Yeye anasoma mambo ya mazingira chuoni Morogoro. Likizo iliyopita tulikuwa tunakaa barazani baada ya isha, yeye na simu yake, mimi na kahawa, anasoma taarifa za watafiti kwa Kiingereza na kunifasiria, mimi nauliza. Akichoka ananiambia, "Bibi, haya maswali yako ungemuuliza mwalimu wangu." Haya ninayoandika nimeyapata hivyo, jioni kwa jioni.

Kwanza ijulikane kinachopimwa. Huko Alaska, Kanada na Siberia kuna ardhi ambayo chini yake imeganda mwaka hadi mwaka, mahali pengine tangu enzi za barafu. Ndani ya udongo ule yamo majani, mizizi na mizoga ya maelfu ya miaka ambayo haikupata kuoza kwa sababu ya baridi. Wataalamu wanakadiria kaboni iliyofungiwa mle ni kama tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya kaboni yote iliyomo hewani sasa. Ardhi ile ikiyeyuka, vijidudu vinaamka na kuanza kula. Penye hewa hutoka hewa ukaa. Penye maji yaliyotuama, pasipo hewa, hutoka gesi iitwayo methani.

Hapo kwenye methani mtu wa Tanga hahitaji mwalimu wa mbali. Kila aliyefanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, anaijua, hata kama hajui jina lake. Jani la mkonge likipita kwenye korona, singa unazopata ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Zilizobaki zote ni takataka na maji ya kijani, na kwetu zilikuwa zinasombwa na mfereji hadi bondeni kwenye dimbwi. Dimbwi lile lilikuwa linatoa mapovu mchana na usiku. Watoto wa kambini walikuwa wakikaa ukingoni na kuyapasua kwa vijiti. Mapovu yale ni methani, mkonge uliooza chini ya maji pasipo hewa. Baadaye pale Hale ukajengwa mtambo wa kuikusanya gesi ya takataka za mkonge na kuifanya umeme, na sisi tuliozoea kulizibia pua dimbwi lile tukaona kumbe tulikuwa tunapishana na moto. Basi tundra, yaani zile nyanda za kaskazini zisizo na miti, ikiyeyuka inakuwa madimbwi ya namna hiyo, ila hayahesabiki, na hakuna mtambo juu yake.

Methani hewani haidumu sana, kama miaka kumi hivi, lakini katika muda wa miaka 20 tani moja yake inapasha dunia joto kama mara 80 ya tani moja ya hewa ukaa. Hewani kote imo kidogo mno: katika chembe bilioni moja za hewa, methani ni kama 1,900. Kabla ya viwanda zilikuwa kama 700. Kupima kitu kidogo hivyo, angani, kwenye baridi ya kugandisha mate, ndiyo kazi ya ndege zile.

Msomaji mwenzangu aliuliza kwa nini wasitumie satelaiti, maana zimejaa huko juu. Nami niliuliza vilevile. Jibu lilinikaa sana. Satelaiti nyingi zinazopima methani zinategemea mwanga wa jua unaoakisiwa na ardhi. Kaskazini kule jua linakaa chini karibu na upeo wa macho, na katikati ya baridi kali halichomozi kabisa kwa wiki nyingi. Mawingu yanaziba. Theluji, ambayo machoni petu ni nyeupe, kwa miale wanayoitumia kupimia methani ni kama kitu cheusi, hairudishi mwanga wa kutosha. Kwa hiyo miezi ya giza satelaiti hizo zinakuwa kama mimi niliyekwama ng'ambo ya mto. Vipo pia vituo vya chini na minara, tena ni muhimu sana, lakini mnara unasikia hewa ya pale ulipo na inayoletwa na upepo, na eneo lenyewe ni kubwa mara nyingi kuliko nchi yetu. Kati ya mnara na satelaiti panabaki nafasi, na nafasi hiyo huzibwa na ndege.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na kazi iliyoitwa CARVE. Walitumia ndege ya mizigo aina ya Sherpa, fupi, ya pangaboi mbili, umbo lake kama kasha. Kituo chao kilikuwa Fairbanks, Alaska. Walikuwa wakianza kuruka majira theluji inapoanza kuachia na kuendelea mpaka inaporudi tena, sehemu kubwa wakiwa mita 150 tu juu ya ardhi, halafu mahali walipochagua wanapanda kwa kuzunguka kama mwewe mpaka kilomita kadhaa juu, kisha wanashuka. Kupanda na kushuka huko kunawaonyesha gesi iliyotoka ardhini imefika wapi, kwa sababu hewa ya chini ina dari yake, na usipoijua dari hiyo unaweza kupima hewa nzito ukadhani gesi ni nyingi kumbe imebanwa tu.

Hewa inaingia kwa mrija kutoka nje na kupita kwenye chumba kidogo chenye vioo vinavyotazamana. Wanarusha mwale wa leza humo, unapigwa na vioo kwenda na kurudi mpaka unakuwa umesafiri kilomita nyingi ndani ya chombo unachoweza kukibeba, na kwa kuangalia unafifia haraka kiasi gani wanajua gesi imo kiasi gani. Pamoja na hayo wanajaza chupa za kioo kwa hewa ya angani na kuzipeleka maabara ya Boulder, Colorado, zikapimwe upya kwa utulivu. Na kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo kubwa: ndani ya ndege wamechukua mitungi ya hewa ambayo kiasi cha gesi yake kinajulikana kwa uhakika, na katikati ya safari wanakisimamisha chombo kisipime hewa ya nje, wanakilisha hewa ya mtungi, waone kama kinasema kweli. Ni kama muuza duka anayepima jiwe lake la kilo mbele ya mteja, tena si mara moja kwa mwaka anapokuja mtu wa Wakala wa Vipimo, bali kila safari. Mtu anayefanya hivyo juu ya theluji, mahali ambapo hakuna wa kumwona, mimi siwezi kumwita mtu wa anasa.

Wajerumani wa taasisi ya Alfred Wegener nao wanaruka na ndege yao, Polar 5. Wazee wa Tanga watafurahi kujua kwamba mwili wa ndege hiyo ni Dakota, jamaa ya zile zilizokuwa za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ila imefungwa injini mpya na imewekewa mlingoti mrefu puani wa kupimia upepo. Mlingoti huo una kazi yake. Mara nyingi kwa sekunde wanapima upepo unaopanda na unaoshuka, na hapo hapo wanapima gesi. Hewa inayopanda ikiwa na methani zaidi ya ile inayoshuka, basi ardhi ya chini yake inatoa. Mwaka 2012 na 2013 walipita namna hiyo juu ya delta ya mto Mackenzie, Kanada. Wakaona kwamba asilimia 1 tu ya eneo lile ilikuwa inatoa asilimia 17 ya methani yake yote, mahali ambapo ardhi iliyoganda ina matundu na gesi ya kale ya chini kabisa inapata njia ya kupandia. Mnara mmoja ungejengwa hatua chache kando ya matundu hayo usingejua kitu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nimwambie mjukuu arudie. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba tundra ikishaganda juu inanyamaza, kwa hiyo walipima zaidi majira ya joto, ambapo kuna mwanga na mtu anaweza kufanya kazi bila kuumia vidole. Miezi ya baridi ilijazwa kwa makadirio. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya minara mitano ya kaskazini mwa Alaska, yakathibitishwa na hewa iliyopimwa na ile Sherpa: nusu au zaidi ya methani ya mwaka mzima inatoka miezi ya baridi, Septemba hadi Mei. Sababu yake ni kwamba udongo unaganda kutoka juu, na chini umeganda siku zote, lakini katikati unabaki tabaka mbichi ambalo halishuki chini ya sifuri kwa wiki nyingi, kwa kuwa maji yenyewe yanapoganda yanaachia joto. Tabaka hilo liko gizani, limefunikwa, na vijidudu vyake havijalala.

Mwaka uliofuata wakatoa jingine, la hewa ukaa. Kituo cha Utqiagvik, ncha ya juu ya Alaska, kimepima hewa tangu miaka ya 1970. Walipokiunganisha na vipimo vya ndege wakaona kwamba hewa ukaa inayotoka kwenye tundra ile kati ya Oktoba na Desemba imeongezeka kwa kama asilimia 73 tangu mwaka 1975. Oktoba hadi Desemba, Mhariri. Miezi ya kuingia gizani.

Nilimwomba mjukuu anyamaze kidogo. Nilikuwa naziona tarakimu zangu tatu. Hawa nao walikuwa na 31, 28, 34 zao, wamezijaza kwa miaka kwa nia njema kabisa, na ndege ikaenda kuangalia ikakuta kopo limefurika.

Nisingependa msomaji adhani nataka kumtisha. Ndege hizo hizo na vituo hivyo vimeyakanusha pia mambo yaliyokuwa yanavumishwa. Kuna watu waliokuwa wakisema methani ya barafu italipuka kwa mkupuo mmoja na kutumaliza. Vipimo vya miaka 29 vya hewa inayotoka uwanda wa kaskazini wa Alaska havikuonyesha methani ikipanda sana, ingawa joto lilikuwa limepanda waziwazi. Hewa ukaa ilipanda, methani pale haikupanda kama ilivyohofiwa. Na mwaka 2017 ndege ya NASA yenye kamera maalumu ilipopita juu ya kilomita za mraba kama 30,000 za kaskazini iliona mahali milioni 2 panapotoa methani kwa nguvu, pengi pakiwa karibu kabisa na maji yaliyotuama, ndani ya mita 40 hivi. Kwa hiyo mahali pengine tunapumua, mahali pengine tunashtuka. Aliyepima anaweza kukwambia pa kupumua na pa kushtuka. Asiyepima atakwambia lolote.

Na sehemu kubwa bado ni pengo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Urusi iko kwenye ukanda wa ardhi iliyoganda. Wafaransa na Warusi walikuwa wakiruka pamoja juu ya Siberia kupima gesi hizi, lakini tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 ushirikiano wa aina hiyo na nchi za Magharibi umekatika kwa sehemu kubwa. Ukiitazama ramani ya vipimo, upande mkubwa kuliko zote ndio uliobaki na nafasi wazi. Hilo limenihuzunisha kuliko yote mjukuu aliyonisomea, kwa kuwa mwaka ukipita bila kupimwa haurudi. Unaweza kujenga daraja upya. Novemba ile ya 1997 huwezi kuinyeshea tena.

Inatuhusu nini? Hewa haina mpaka wa Horohoro. Gesi inayotoka Siberia inachukua kama mwaka mmoja tu kuchanganyika mpaka nusu ya kusini ya dunia, na joto linaloleta haliulizi umechangia kiasi gani. Ila nataka niwe mkweli hapa pia, kwa sababu nimeona watu wanaokosea wakitaka kusaidia. Wapo wanaokitaja kisiwa chetu cha Maziwe, kule mbele ya Pangani, kama kisiwa kilichomezwa na kuyeyuka kwa barafu. Mama yangu alikuwa akituhadithia Maziwe yenye miti na kasa wakipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yakijaa. Lakini miti ya Maziwe ilikatwa na watu, na mchanga usio na mizizi ukachukuliwa na mawimbi, kabla hata hatujaanza kuzungumza habari za tabianchi. Tena ardhi iliyoganda ikiyeyuka yenyewe haijazi bahari. Inayojaza bahari ni barafu iliyo juu ya nchi kavu kama Greenland, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto. Ardhi ile inaongeza gesi, na gesi inaongeza joto la kuyeyusha hiyo nyingine. Mlolongo ndio huo, na hauhitaji kutiwa chumvi. Sisi wenye nyumba Sahare na Mwambani na wavuvi wa Tongoni tunatakiwa kujua bahari itapanda kiasi gani, na hesabu ya hilo inaanzia kwenye kujua miezi ya giza ya kaskazini inatoa nini. Ikikosewa kule, ukuta utakaojengwa huku utakuwa kama kalavati letu.

Kuna sehemu moja nakubaliana kabisa na msomaji mwenzangu, nayo ni kwamba na sisi tupimwe. Mwaka 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, ile ya BAe-146, ilikuja kupima methani juu ya maeneo oevu ya Uganda na Zambia, kwa kuwa matope ya nchi za joto yanatoa methani nyingi sana, na hayajapimwa kwa miaka mingi kama ya kaskazini. Nilipolisikia hilo niliitazama ramani nikaona katikati ya Uganda na Zambia kuna nani. Tuna Malagarasi. Tuna Kilombero na Rufiji. Tuna mikoko hapa mlangoni petu, ambayo kila aliyezama mguu kwenye tope lake akitafuta chaza anajua harufu yake. Natamani siku moja ndege ya namna ile itue uwanja wetu wa Tanga, na ndani yake, kwenye chombo chenye vioo viwili, awe amekaa binti au kijana wa hapa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ipo, vyuo vipo, vijana wanasoma. Badala ya kuuliza kwa nini wenzetu wanapima, gazeti lako lingetusaidia kuuliza lini tutapima.

Na kabla ya ndege, tuanze na kilichopo. Zamani karibu kila shamba la mkonge la mkoa huu lilikuwa na kipima mvua na karani wa kukisoma. Mashamba yamebadilisha wenyewe, mengine yamegeuka vichaka au viwanja, na vitabu vimebaki kwenye stoo zinazovuja au vimefungiwa vitafunwa sokoni. Mvua ya Maramba, ya Muheza, ya Korogwe, ya Pangani ya miaka 60 iliyopita ipo kwenye makaratasi yale na haipo mahali pengine. Mchwa hawajui kusoma. Naomba yeyote mwenye vitabu hivyo, au ambaye marehemu baba yake alikuwa karani wa esteti na akaacha sanduku, aviangalie kabla ya masika. Mjukuu wangu na wenzake watatu wako tayari kuja likizo ya mwezi wa saba kuvipiga picha ukurasa kwa ukurasa bila kuviondoa nyumbani kwa mtu, na mwenye navyo anaweza kuacha ujumbe kwa wakala wa gazeti hili hapa Barabara ya 14.

Vya kwangu ninavyo 19. Saba vililiwa. Kimoja hakina jalada, na cha mwaka 1997 nilikitoa sandukuni wiki iliyopita, nikakifungua mwezi wa Novemba, nikakata kwa kalamu nyekundu tarakimu tatu zile na pembeni nikaandika: "Hazikupimwa. Chombo kilifurika. Daraja halikuwepo." Nikaweka sahihi yangu na tarehe ya siku ile.

Wako,
Karani mstaafu wa shamba la mkonge,
Ngamiani, Tanga.